Makumbusho ya Jinai ya Rothenburg: pita haraka chini, kaa na vifaa vya aibu juu

Mittelalterliches Kriminalmuseum, makumbusho ya sheria na adhabu za kale yaliyoko Rothenburg ob der Tauber katika jimbo la Bavaria, Ujerumani, yana sifa ya kutisha. Wageni wengi huyaendea kwa ajili ya kitu kimoja, Bikira wa Chuma, sanduku lenye umbo la mwanamke na miiba ndani, na wakishampiga picha hujiona wamemaliza. Wanakosa sehemu iliyo bora. Hazina ya nyumba hii ni vifaa vya kumfedhehesha mtu mbele ya majirani zake: barakoa za chuma, makongwa ya mbao, mazumari ya aibu, mapipa ya kuvaa, taji za mabua, kizimba cha kuwachovya waoka mikate. Kwa sehemu hiyo peke yake tunayapa nyota tano bila kusita. Sehemu ya zana za mateso tunaipa tatu, na sababu zake ziko hapa chini.

Jengo lenyewe lilikuwa makao ya shirika la watawa mashujaa wa Mtakatifu Yohane. Sura yake ya sasa ni ya mwaka 1718, na makumbusho yamo humo tangu 1977. Anwani ni Burggasse 3-5, mwendo wa dakika chache kutoka uwanja wa soko. Ghorofa ni nne, na maonyesho ni mengi kuliko mtu anavyotarajia kwa kulitazama jengo kwa nje. Tenga saa mbili na nusu. Ukiwa msomaji wa kila kibao, tenga nne. Maelezo yapo kwa Kijerumani na Kiingereza, na ni maelezo yaliyoshiba: hayakuambii tu kitu kinaitwaje, yanakuambia sheria iliyokiruhusu.

Jambo moja la kuweka sawa kabla ya kuingia: jina la Kijerumani linataja Zama za Kati, ila sehemu kubwa ya vifaa vya aibu ni vya baada ya mwaka 1500, na vingi ni vya karne ya 17 na ya 18. Tofauti hiyo ni kubwa. Barakoa ya chuma si kazi ya watu wa gizani wasiojua sheria. Ni kazi ya miji iliyokuwa na mahakama, makarani, madaftari na vitabu vilivyopigwa chapa. Rothenburg yenyewe ilikuwa mji huru wa dola ya Ujerumani, ukijihukumia watu wake, mpaka ulipoingizwa Bavaria mwaka 1802.

Matembezi huanzia chini, kwenye zana za mateso: skrubu za vidole gumba, kiti cha miiba, kitanda cha kumvutia mtu. Kabla ya kutazama skrubu hata moja, elewa kwamba mateso hayakuwa adhabu. Yalikuwa njia ya kutafuta ushahidi. Kanuni ya jinai ya Kaisari Karl V ya mwaka 1532, iitwayo Carolina, ilitaka ama mshtakiwa aungame, ama wapatikane mashahidi wawili waliojionea, ndipo mtu atiwe hatiani kwa kosa kubwa. Mashahidi wawili wa macho hupatikana kwa nadra, kwa hiyo mahakama zikalitafuta ungamo kwa nguvu, na ungamo hilo lilitakiwa lirudiwe baadaye mtu akiwa amekwisha kufunguliwa. Kazi hiyo ilifanyika chumbani, mbele ya waamuzi na mwandishi, umati haupo. Bavaria iliyafuta mateso mwaka 1806. Ukishalijua hilo, chumba cha chini kinaeleweka kwa dakika ishirini. Ukikaa zaidi utachoka, na utafika kwenye vifaa vya aibu macho yamekwisha kufa ganzi. Huo ndio udhaifu wa mpangilio wenyewe: unakulisha kali kwanza, kisha unakutaka uone ukatili uliofichwa katika kinachoonekana kuwa upole.

Bikira wa Chuma anahitaji aya yake. Hadithi ya sanduku hili lenye umbo la mwanamke ilisambazwa na mwandishi Johann Philipp Siebenkees mwaka 1793. Alidai kwamba mghushi wa sarafu aliuawa ndani ya sanduku la namna hiyo mjini Nuremberg mwaka 1515. Hakuna kumbukumbu ya mahakama inayounga mkono dai hilo. Sanduku lililooneshwa Nuremberg liliteketea kwa mabomu ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Hili la Rothenburg ni lile lililopelekwa kwenye maonyesho ya Chicago mwaka 1893, kisha likazungushwa Marekani, na miiba yake ni ya karne ya 19. Tazama miiba hiyo kwa makini: urefu wake na mahali ilipokaa vimepangwa kwa ajili ya mtazamaji. Makumbusho hayafichi jambo hili, na tunayaheshimu kwa hilo, kwa sababu majumba mengi ya mateso katika miji ya kitalii bado yanauza hadithi ya miiba kama ilivyo. Ing'oe miiba akilini, na kinachobaki ni joho la aibu, yaani vazi zito la mbao ambalo mkosaji alivishwa na kutembezwa mjini.

Joho hilo lilikuwepo kweli na lilitumika. Mwingereza John Evelyn aliliona Delft, Uholanzi, mwaka 1641. Aliambiwa ni la mwanamke mwenye waume wawili kwa wakati mmoja: huvishwa mabegani, kichwa peke yake kikichungulia juu, akazungushwa mjini. Ralph Gardiner aliandika mwaka 1655 kuhusu pipa la walevi mjini Newcastle, Uingereza, lililokuwa na tundu la kichwa upande mmoja na matundu ya mikono ubavuni. Namna linavyofanya kazi ni rahisi kuifuata ukisimama mbele ya kabati. Pipa limeondolewa kitako, mfuniko umetobolewa kwa ajili ya shingo, na uzito wote unaegemea mabega. Ukingo wa chini hugonga mapaja au magoti kila hatua, kwa hiyo mtu hawezi kutembea kwa hatua ndefu wala kukimbia, na akianguka hainuki bila kusaidiwa. Pale ambapo mikono imo ndani, hawezi hata kujikinga uso na tope analorushiwa. Hakuna msumari, hakuna moto. Ni uzito, mwendo wa kuchekesha, na mtaa mzima unaotazama.

Sasa panda juu, na kwenye kila kabati jiulize swali moja: saa ya aibu ilipokwisha, mtu huyu alirudi kwake, au alifukuzwa? Swali hili ndilo linaloutenga mkusanyiko huu katika sehemu mbili ambazo ukizitazama kwa haraka zinafanana.

Sehemu ya kwanza ni aibu ndogo, iliyosimamiwa na mtumishi wa kawaida wa mji. Mke aliyegombana sokoni, mchezaji kamari, mlevi, aliyesinzia kanisani, mwoka mikate mwenye mizani ya uongo: hawa walifungwa kitu, wakatembezwa au wakasimamishwa, kisha wakafunguliwa na kurudi kwenye nyumba na kazi zao. Lengo lilikuwa kumrudisha mtu kwenye mstari akiwa bado ni mtu wa mji. Sehemu ya pili ni aibu kubwa, ambapo aliyemfunga mtu alikuwa mnyongaji. Katika miji hiyo mnyongaji alihesabiwa mtu asiye na heshima, na mkono wake uliambukiza. Fundi aliyeshikwa na mkono huo mbele ya watu aliweza kufungiwa mlango na chama chake cha ufundi, akawa hana tena kazi ya halali. Kwa hiyo nguzo ya aibu chini ya mnyongaji mara nyingi ilikwenda pamoja na viboko, wakati mwingine chapa ya moto, na mwisho kutolewa nje ya malango ya mji. Chuma cha shingoni kingeweza kuwa kilekile. Mkono uliokifunga ndio uliotofautisha saa moja mbaya na maisha yaliyoharibika. Vibao vya makumbusho vinakupa taarifa hizi, ila zimetawanyika. Ukiziunganisha mwenyewe, kila kabati linabadilika.

Barakoa za aibu ndizo zinazostahili muda mrefu kuliko vyote. Ziko za aina mbili. Ya kwanza ni fremu ya mikanda ya chuma: mkanda mmoja unapita juu ya kichwa kutoka paji la uso hadi kisogoni, mwingine unazunguka kichwa usawa wa mdomo, bawaba ziko ubavuni na kufuli liko nyuma. Ya pili ni ya bati la chuma lililofuliwa kuwa sura nzima, likapakwa rangi. Kwa Waskoti na Waingereza aina ya kwanza ndiyo iliyoenea. Kumbukumbu za Edinburgh zinaitaja tangu 1567, na kanisa la Walton-on-Thames, Uingereza, lilikuwa na moja yenye tarehe ya 1633 na shairi la kuwakejeli wanawake wasemaji. Kipande cha hatari katika aina hiyo ni kibao cha ulimi, yaani ulimi wa chuma uliochomoza kwa ndani na kuukandamiza ulimi wa mtu. Kikiwa laini, mtu hushindwa kusema na kumeza mate. Kikiwa na meno au miiba, kila jaribio la kusema hukata. Na aliyemwongoza mtu kwa kamba akiivuta ghafla, chuma hicho huweza kuvunja jino au kuumiza taya. Hapo ndipo kifaa cha aibu kinapogeuka kifaa cha kuumiza bila kubadilishwa hata skrubu: inatosha kamba kuvutwa vibaya.

Barakoa nyingi za Kijerumani zinategemea zaidi sura, na sura hizo husomeka. Masikio marefu ya punda ni ya mtu aliyetenda upumbavu, masikio makubwa ni ya mdukuzi anayesikiliza ya wenzake, ulimi mrefu unaoning'inia ni wa msengenyaji, pua ndefu ni ya anayejiingiza katika yasiyomhusu, pua ya nguruwe ni ya mwenye mwenendo mchafu. Nyingine zina kengele juu ili watu watoke majumbani kabla mwenyewe hajafika. Waswahili wanaposema mdomo uliponza kichwa, hapa msemo huo umefuliwa kwa nyundo. Tazama pia ni nani aliyevishwa: sehemu kubwa ya barakoa hizi zililenga ulimi wa mwanamke. Mwanamume aliyetukana mara nyingi alitozwa faini. Mwenye mali aliweza kulipa badala ya kusimamishwa. Kwa hiyo ukiona barakoa imechakaa, fikiria wasiokuwa na cha kulipia.

Tatizo la vipimo linaonekana waziwazi. Mji ulikuwa na barakoa moja au mbili, nazo zilitakiwa zimtoshe yeyote. Ikiwa pana, huteleza mpaka uzito wote ukae kwenye mfupa wa pua. Ikiwa nyembamba, hubana taya, na bawaba hunasa ngozi na nywele. Angalia sehemu za ndani: zile zilizotumika kweli zimelainika kwenye ukingo wa kidevu na kwenye bawaba, si kwenye uso wa mbele.

Hilo linatuleta kwenye utambuzi wa halisi na bandia, jambo ambalo kila mgeni anaweza kujifunza hapa akalitumia kwingine. Karne ya 19 ilipenda sana vitu vya kutisha, na mafundi walivitengeneza kwa ajili ya wakusanyaji. Dalili za kuangalia ni hizi. Bati la chuma lililofuliwa kwa mkono lina unene usiolingana, na ukilitazama kwa mwanga wa pembeni utaona mawimbi ya nyundo. Bati la kiwandani lina unene mmoja kutoka ukingo hadi ukingo. Viungo vya kale vimepigwa ribiti au vimechomelewa kwa moto wa mhunzi, na ribiti mbili hazifanani kabisa. Skrubu zenye hesi sawasawa na vichwa vinavyolingana ni za mashine. Kutu ya kweli hukaa zaidi mahali maji yanapotuama, kama kwenye mikunjo na chini ya mikanda. Kutu iliyosambaa kwa usawa kama rangi iliyopakwa ni ya kutiliwa shaka. Uchakavu nao uwe mahali pa kazi, yaani kwenye pini ya bawaba, kwenye tundu la kufuli na kwenye pete ya kamba. Kifaa chenye kutu ya kutisha na bawaba isiyolika hakikufunguliwa na kufungwa mara nyingi.

Kando ya barakoa kuna makongwa ya fidla. Kongwa hili ni mbao mbili zilizochongwa kwa umbo linalokaribia fidla, zina bawaba upande mmoja na kifungo upande mwingine. Matundu ni matatu kwa mstari: kubwa la shingo, kisha mawili madogo ya mikono, moja mbele ya jingine. Mtu anaishia mikono yake ikiwa mbele ya uso, mmoja ukimfuata mwingine, kama anayeshika chombo cha muziki. Uzito unaegemea mfupa wa bega na nyuma ya shingo. Baada ya muda mfupi mikono hufa ganzi kwa sababu haiwezi kushushwa chini ya usawa wa moyo, na mtu hawezi kujifuta jasho wala kufukuza inzi. Kosa la kawaida la nakala za kisasa ni kutoboa matundu ya mikono makubwa mno. Kwenye zile za zamani mbao hufunguliwa, kifundo cha mkono kikawekwa ndani, kisha zikafungwa, kwa hiyo tundu halina haja ya kupitisha kiganja.

Fidla ya watu wawili ndiyo kazi ya akili kuliko zote humu. Ni ubao mmoja mrefu wenye matundu pande zote mbili, na wagombanaji wawili hufungiwa wakitazamana, uso kwa uso. Mmoja akivuta, mwenzake anaumia shingo. Hawawezi kukaa wala kusogea bila kukubaliana hatua. Walifunguliwa walipopatana. Hakuna kifaa kinachoeleza vizuri zaidi ile aibu ya kurudisha: kinawalazimisha watu kushirikiana kabla hawajasameheana. Tena ni kifaa chenye dhuluma ndani yake, maana aliyeonewa na aliyemwonea walifungwa sawa, na mwenye shingo imara ndiye aliyeamua mwendo.

Zumari la aibu lilikuwa la wanamuziki wabovu, na wageni wengi huliona kama mzaha. Lina pete ya chuma ya shingoni yenye bawaba, na kutoka hapo limechomoza bomba mfano wa zumari. Juu ya bomba kuna kipande chenye nafasi za vidole, na skrubu ya kukibana. Vidole hupangwa kama vya mpigaji, kisha hubanwa. Skrubu hiyo ndiyo ya kuitazama. Ikizungushwa kidogo, inashika. Ikizungushwa zaidi, inaponda vifundo vya vidole vya mtu anayeishi kwa vidole hivyo. Kipimo kilikuwa mkononi mwa mtumishi wa mji, na hakuna alama yoyote kwenye chuma inayomwambia aishie wapi.

Rozari kubwa za mbao za waliopuuza ibada, mikufu ya kadi na dado za wacheza kamari, na taji na misuko ya mabua waliyovishwa wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa, vyote vinaeleweka kwa kuonekana na havihitaji muda mrefu. Mawe ya shingoni tu ndiyo ya kusimamia kidogo. Jiwe maarufu la aina hiyo halipo hapa. Liko Mulhouse, Ufaransa, lina uzito wa kati ya kilo 12 na 13, lilitundikwa ukutani pa jumba la mji, na lilitumika kwa mara ya mwisho mwaka 1781 kwa wasengenyaji. Kilo 12 kwenye mnyororo wa shingoni hazivunji mfupa, ila zinamfanya mtu ainame, na mtu aliyeinama anaonekana amekiri.

Nguzo ya aibu ni kifaa kikubwa kuliko vyote kwa maana ya historia, na kwa bahati mbaya ndicho kigumu zaidi kuoneshwa ndani ya nyumba, kwa sababu nusu yake ni uwanja wa soko na watu waliomo. Katika miji ya Ujerumani mara nyingi ilikuwa nguzo ya mawe au ukuta wa jumba la mji wenye pete ya chuma kwenye mnyororo. Mtu alisimamishwa siku ya soko, kosa lake likiwa limeandikwa au kutangazwa. Uingereza walipendelea ubao wenye matundu ya kichwa na mikono uliowekwa juu ya jukwaa. Mkatale wa miguu, unaojulikana na kila msomaji wa habari za Paulo na Sila, ulikuwa mwepesi zaidi kwa mfungwa, maana alikaa chini na mikono yake ilikuwa huru. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1351 iliyowabana vibarua ilitaka kila mji uwe na mkatale.

Kinachoharibika kwenye nguzo ya aibu ni mambo mawili, na yote yana ushahidi. La kwanza ni kimo. Urefu wa tundu au pete umewekwa kwa mtu wa wastani. Mrefu atainama mpaka mgongo umshinde, mfupi atasimama kwa vidole vya miguu. Mwaka 1780 huko Southwark, London, mwendesha gari la farasi William Smith alikuwa mfupi kuliko tundu, akaning'inia kwa shingo badala ya kusimama, huku umati ukimrushia vitu. Alikufa papo hapo. Mbunge Edmund Burke alilipeleka jambo hilo bungeni. La pili ni umati wenyewe. Mahakama iliandika muda tu, adhabu yenyewe ikaandikwa na watu waliokuja. Mwaka 1703 mwandishi Daniel Defoe alisimamishwa London siku tatu mfululizo kwa maandishi yake, na umma uliompenda haukumdhuru. Mwaka 1756 James Egan, aliyetiwa hatiani kwa kuwapeleka watu kwenye kitanzi kwa ushahidi wa uongo ili alipwe zawadi, alipigwa mawe uwanjani Smithfield mpaka akafa. Ubao uleule, hukumu ileile, mmoja akashuka na heshima na mwingine akashushwa maiti. Hiyo ndiyo hoja iliyoiua nguzo ya aibu hata kabla ya hoja ya huruma: serikali haikuwa na mkono juu ya kiasi cha adhabu yake. Uingereza iliibakiza kwa kosa la kiapo cha uongo tu mwaka 1816, ikaifuta kabisa 1837. Wabunge wa Ujerumani waliokutana Frankfurt wakaandika katika katiba yao ya 1849 kwamba nguzo ya aibu, chapa ya moto na viboko vimefutwa, ingawa katiba hiyo haikupata nguvu.

Kizimba cha waoka mikate kiko nje, na wengi hukipita wakidhani ni pambo. Rudi ukitazame. Ni kizimba cha kumtosha mtu mmoja, kimetundikwa kwenye boriti ndefu inayofanya kazi kama mzani: upande mmoja mtu, upande wa pili wanaume wa kushikilia na kuachia. Mwoka mikate aliyeuza mkate mdogo kuliko sheria aliteremshwa majini na kupandishwa. Ili kuelewa ukali wake, elewa sheria ya mkate. Miji mingi iliacha bei ya mkate ibaki palepale na kubadilisha uzito kulingana na bei ya nafaka, kwa hiyo ngano ikipanda, mkate ulipungua kwa hesabu iliyotangazwa. Lakini unga mbichi una maji, na ndani ya tanuri mkate hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Tanuri kali mno au unga uliolowa huweza kumfanya mwoka mikate mwaminifu aonekane mwizi. Mizani ya mji haikutofautisha. Na kwenye boriti hiyo, muda wa kukaa chini ya maji uliamuliwa na mikono ya walioishika. Wakati wa baridi maji ya mto wa nchi ile hukata pumzi mara yanapomgusa mtu kifuani.

Usiondoke bila kuzipa nyaraka nafasi yake. Makabati ya hukumu, mihuri, kanuni za vyama vya mafundi na vitabu vya sheria hayavuti watu, na kwa hiyo vyumba vyake huwa na utulivu. Hapo ndipo unapoona nani alitozwa nini na kwa kosa gani. Chuma bila karatasi ni mhunzi tu anayezungumza. Barakoa nyingi duniani zilikusanywa bila maandishi yoyote, na baadhi ya maana tulizopewa za masikio na pua huenda zilitungwa na wakusanyaji waliokuja baadaye, kwa hiyo zipokee kwa tahadhari pale ambapo hakuna daftari linalozisindikiza.

Kufika ni rahisi. Treni ndogo kutoka kituo cha Steinach inachukua kama robo saa hadi Rothenburg, na Steinach unaifikia kutoka Würzburg moja kwa moja, au kutoka Nuremberg kwa kubadilisha Ansbach. Kutoka kituoni hadi ndani ya kuta za mji ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, na barabara za ndani ni za mawe, kwa hiyo vaa viatu vyenye soli imara. Mabasi ya watalii hufika kuanzia kabla ya adhuhuri, hivyo mlango unapofunguliwa ndipo pa kuingilia. Majira ya baridi saa za kufungua hupungua sana, na wakati wa soko la Krismasi mji hujaa. Thibitisha ratiba kabla ya kukata tiketi ya treni.

Kwa watoto, tungeanza na juu: fidla, pipa, rozari na kizimba vinaelezeka kwa mtoto wa shule ya msingi, na vinazua maswali mazuri kuhusu haki. Chumba cha mateso kinaweza kuachwa kabisa. Ngazi ni nyingi na jengo ni la kale, kwa hiyo anayetumia kiti cha magurudumu au mwenye magoti mabaya awaulize wahudumu mapema ni ghorofa zipi anaweza kuzifikia.